Besi ya Siku ya Kwanza

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, mhariri aliingiza nakala ya kwanza kwenye mashine, akavuta karatasi ya ukaguzi karibu na kikombe chake cha chai, na kuanza kuitazama filamu ya onyesho la bendi kwa mara ya mwisho kabla haijapelekwa madukani. Karatasi ilikuwa na safu tatu: dakika, kasoro, hatua. Alikuwa na miaka kumi na sita katika kazi hiyo, na kasoro alizozizoea zilikuwa rangi iliyofifia au sauti iliyochelewa nyuma ya midomo.

Dakika ya sita, besi ilipoingia, mwanamume alisimama kati ya kabati la kanda na feni. Alivaa aproni ya kinyozi, nywele za watu wengine zimemnata mikononi, na alikuwa akipiga gitaa la nyuzi nne ambalo halikuunganishwa na kitu chochote. Mhariri alibonyeza kitufe. Picha ikaganda na mwanamume akatoweka. Alipoiachia filamu iendelee, alirudi, kidole kikiwa juu ya uzi uleule. Mhariri aliandika: "Dakika ya 6. Mtu chumbani." Safu ya hatua aliiacha wazi.

Wimbo ulipokwisha, mwanamume alisubiri makofi yapungue.

"Habari za kazi, dada."

"Nzuri. Karibu."

"Nimeshakaribia, hata sikuulizwa. Ninachoomba, ukisimamisha, simamisha kwa muda mrefu. Hii ya kukamata na kuachia inanichosha. Nina mteja kwenye kiti."

"Umemfikisha wapi?"

"Nusu. Na ni nusu ya mbele, ile inayoonekana."

Mhariri alimtambua kwa vidole. Kwa miezi mitatu alikuwa akivisikia kila siku.

Onyesho lilirekodiwa siku mbili mfululizo, wanamuziki wakivaa mashati yaleyale ili mtazamaji adhani ni siku moja. Siku ya kwanza koti la kiongozi wa bendi lilifumuka kwapani kwenye wimbo wa pili, kwa hiyo picha haikufaa. Siku ya pili mvua ilipiga mabati ya ukumbi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo sauti haikufaa. Mhariri alichukua sauti ya siku ya kwanza na picha ya siku ya pili, akazishona. Ni jambo la kawaida katika kazi yake, na alilifanya vizuri.

Katikati ya siku hizo mbili, mpiga besi alifukuzwa. Wakati vyombo vinafungwa, alisema mbele ya wapiga kamera kwamba wimbo wa tatu aliutunga yeye. Kesho yake kiongozi alimwita mpwa wake, mtu wa mabega mapana na meno mazuri, akampa nafasi. Shati lilibaki, mtu akaondoka. Mpiga besi alirudia ukinyozi, kazi aliyoijua kabla ya muziki. Kwenye filamu, vidole vinavyoonekana ni vya mpwa na vinavyosikika ni vya kinyozi.

"Sauti lazima itoke kwa mtu," kinyozi alieleza. "Yule pale haitoi. Basi naitwa mimi."

Mhariri hakuona kosa katika hoja hiyo.

Filamu iliuzwa. Popote ilipochezwa, kinyozi alifika dakika ya sita na kukaa hadi mwisho, saa nzima na dakika mbili. Nyumba moja walimwambia avue viatu. Nyumba nyingine bibi mmoja alimwambia, "Baba, sogea, umetukinga," akasogea. Wengi walidhani amekuja pamoja na diski, kama kile kijitabu cha ndani ya jalada. Nyumba mbili zilipoicheza kwa wakati mmoja, alikwenda kwa iliyotangulia, na ya pili haikupata besi. Hao ndio waliorudisha diski dukani na kulalamika.

Mkewe alikuja ofisini kwa mhariri siku ya Alhamisi, akakataa kukaa.

"Mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja. Mume wangu yuko kazini au hayuko kazini?"

"Yuko kazini."

"Kazi ya nani?"

Mhariri alimsogezea kiti tena.

"Duka lina kiti kimoja, dada. Wateja wanatoka na kofia. Wengine wameanza kwenda kwa yule wa ng'ambo ya barabara, anayenyoa kama anamenya viazi. Mwezi ukiisha hivi, tunafunga."

Mhariri alirudi kwenye kanda za siku ya kwanza. Alipata kipande cha sekunde kumi na moja ambapo mpiga kamera wa kushoto, kwa kutosikia maelekezo, aliiacha kamera kwenye mikono ya mpiga besi. Alikipachika mahali pake, akampigia simu mke wa kinyozi akiwa dukani, kisha akaichezesha filamu. Kinyozi alifika. Kipande kilipoanza, alitoweka chumbani, lakini besi iliendelea kusikika.

"Amerudi," mkewe alisema kwenye simu. "Ameshika mashine. Ananyoa juu ya sikio. Ameondoka."

Walirudia mara tatu. Mara ya tatu sikio lilikuwa limekamilika. Mhariri alihitimisha kwamba mikono ikionekana, mwenye mikono huachwa afanye shughuli zake. Alitafuta zaidi, akapata picha za kinyozi za kutosha, zote bila kwapa la kiongozi. Akatengeneza filamu upya, ambamo kinyozi angehitajika kwa dakika tatu tu.

Aliipeleka kwa meneja na kiongozi wa bendi. Ili waone tofauti, aliwachezea kwanza ile ya zamani. Dakika ya sita kinyozi alisimama kando ya meza ya meneja.

"Umekonda," kiongozi alimwambia.

"Nasimama sana, mzee."

Kisha wakatazama ile mpya, kwa utulivu, hadi mwisho.

"Kazi safi," kiongozi alisema. "Lakini mpwa wangu yuko kwenye jalada."

"Na watu watauliza huyu ni nani," meneja aliongeza.

"Ni mpiga besi," mhariri alisema.

"Ndiyo hayo maswali ninayoyasema."

Waliamua filamu ibaki ilivyo. Kwa ajili ya malalamiko, meneja aliagiza kibandiko cha jalada: "Acha nafasi ya mtu mmoja karibu na runinga. Besi ikikosekana, jaribu baadaye." Malalamiko yakaisha.

Duka lilifungwa mwezi uliofuata. Kinyozi alitia mkasi, kitana na mashine ya betri kwenye mfuko wa aproni, asije akaitwa bila vifaa. Wateja wake wa zamani ndio waliogundua kwamba baada ya wimbo wa tano kiongozi hutoa hotuba ya dakika nne na nusu, na kwa muda huo wote besi haina kazi. Walinunua diski, wakaweka kigoda mbele ya runinga. Dakika nne na nusu zinatosha ndevu. Kichwa kizima kinahitaji kucheza filamu mara mbili.

Mhariri alikuwa na baba ambaye magoti hayakumruhusu tena kushuka ngazi. Jumamosi moja mchana aliijaribu diski, na mara ya tatu walimpata. Kinyozi alisalimia, akapiga nyimbo tano, akaegemeza gitaa kwenye kochi, akamfunga mzee taulo shingoni.

Kwenye runinga kiongozi alianza kuwataja wanamuziki wake. Hotuba hiyo, kama sauti yote, ilikuwa ya siku ya kwanza, isipokuwa neno moja. Siku ile kiongozi alimtaja kinyozi. Baadaye alikuja studio kulisema jina la mpwa wake, na mhariri akalipachika mahali pa lile la kwanza kwa ustadi ambao hakuna sikio lililowahi kuugundua. Mpwa aliinamisha kichwa. Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele, na baba wa mhariri, mtu wa adabu, naye akatoa mikono chini ya taulo akapiga.

"Mzee, tulia, nitakukata," kinyozi alisema.

"Makofi hayo ni ya siku ya kwanza," mhariri alimwambia. "Sikuyagusa."

"Najua, nilikuwepo," kinyozi alisema. "Geuza shingo, mzee. Tumebakiza dakika moja."