Makaa Yasiyo na Moshi

Maziwa ya Caroline yalianza kusifiwa Kitengela kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba anafanya biashara. Alikuwa ametengeneza kibuyu kimoja cha maziwa lala kwa sherehe ya ubatizo ya mtoto wa jirani, kwa njia aliyofundishwa na mama yake, Priscilla, kule Isinya. Unaosha kibuyu kwa maji moto, unakianika mpaka kikauke ndani kabisa, halafu unachukua kijiti cha mti wa oloirien kilichoshika moto, unakitumbukiza ndani na kusugua makaa yake kwa brashi ya mkia wa ng'ombe. Maziwa yakilala humo yanaamka na harufu ambayo mtu wa Kajiado akiinusa anakumbuka kwao. Wageni wa ubatizo walikunywa, wakauliza ni nani ametengeneza, na wiki iliyofuata watu wakaanza kugonga geti.

Priscilla alifurahi, ila furaha yake haijawahi kuja bila hofu. Huyu ni mama ambaye mtoto akikohoa tu, yeye ameshavaa viatu vya kwenda hospitali. Caroline alipoacha kazi ya dukani ili auze maziwa peke yake, Priscilla alimwuliza, "Na ukigonjeka?"

"Yeyo," Caroline akamjibu mama yake, "kwani wengine wakigonjeka inakuwaje?"

"Wengine wako na mtu wa kushika kazi. Wewe uko na nani?"

"Niko na wewe," Caroline akasema.

Mwanzoni mambo yalienda vizuri. Vibuyu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na zamu yake: hiki kina maziwa, kile kinakauka, kile kingine kimepumzika. Maziwa yakiisha, yameisha, na mteja anaambiwa arudi siku nyingine. Walirudi. Hata kusubiri kwenyewe kuliwafanya wayatamani zaidi.

Ndipo akaja Githongo, mwenye hoteli ya nyama choma karibu na barabara ya Namanga. Alionja kikombe kimoja, akaomba kingine.

"Caro, nataka hii kitu kila siku. Kila siku, umesikia? Watu wangu wakishakula mbuzi, hawataki soda."

Caroline alikubali papo hapo, wala hakugeuka kuangalia vibuyu vyake.

Tangu hapo hakuna kibuyu kilichopumzika, na mwenyewe pia hakupumzika. Alikula akiwa amesimama. Kanisani kiti chake kilikaliwa na watu wengine. Priscilla akipiga simu, anasikia brashi ikisugua na binti akiitikia "mm, mm" kama mtu aliye mbali. Siku za Jumamosi ambazo walikuwa wakitembeleana zikafutwa. "Yeyo, wiki hii niko na kazi," na wiki iliyofuata ni hivyo hivyo.

Halafu mvua ikaanza. Vibuyu vilikataa kukauka, na jiko ambalo Caroline alikuwa akiliweka nje kando ya ukuta likawa linazimwa na maji kabla ya kijiti kushika moto. Kwa hivyo akaliingiza ndani.

Hakufanya hivyo kwa ujinga, na hapo ndipo mzazi anapaswa kutega sikio. Caroline alijua moshi ni mbaya. Aliwasha jiko chini ya paa la veranda, akangoja mpaka moshi wote uishe na makaa yawe mekundu, safi, ndipo akalibeba mpaka chumbani. Mvua ilikuwa inapigia ndani, akafunga dirisha. Upepo ulikuwa unasukuma mlango, akatia komeo. Moshi umeisha, akajiambia, sasa shida iko wapi? Akapanga vibuyu kuzunguka jiko vipate joto, akaketi katikati yao.

Mchana huo Priscilla alikuwa amekuja Kitengela kununua chakula cha kuku. Alipiga simu, haikushikwa. Akapiga tena. Akaacha gunia kwa mwenye duka na kuondoka kwenye mvua bila kungoja chenji yake.

Jirani wa Caroline, mwanamke anayeitwa Mbithe, alikuwa verandani akitwanga mahindi ya muthokoi.

"Karibu, Mama Caro! Leo umeota nini?"

"Caro hashiki simu."

"Hata juzi hakushika, ukapigia mimi. Na ile siku nyingine ukapigia mpaka pasta." Mbithe akacheka bila kuacha kutwanga. "Mwache huyo msichana alale, amechoka."

"Saa hii alale? Githongo anataka maziwa jioni."

Mbithe aliinua mchi, hakuushusha. Priscilla alikuwa ameshafika mlangoni anagonga. Hakuna jibu. Akatoa simu, akapiga, na simu ikalia humo ndani, karibu kabisa, ikalia mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Caro! Caro, fungua!"

"Sogea, mama," Mbithe akasema, na ule mchi wa muthokoi ukapita kwenye kioo cha dirisha lililo karibu na mlango. Priscilla aliingiza mkono katikati ya vyuma, kioo kikamkata na hakusikia, akatafuta komeo kwa vidole mpaka akalipata.

Caroline alikuwa amelala sakafuni, shavu juu ya kibuyu, brashi bado mkononi. Hakukuwa na moshi hata kidogo. Chumba kilinukia vizuri, kama nyumba ya bibi.

Wakamshika huku na huku wakamburuta mpaka nje, kwenye matope na mvua yenyewe. Priscilla alipiga magoti akaweka sikio puani pa mtoto wake. Mvua ilikuwa na kelele, hakusikia kitu. Akamwita kwa jina lake la Kimaasai, lile la utotoni ambalo hakuna mtu Kitengela aliyelijua. Caroline akavuta pumzi moja ndefu yenye sauti mbaya, akageuka, akatapika juu ya sketi ya mama yake.

"Tapika," Priscilla akasema huku analia. "Tapika yote, mama. Tapika."

Hospitalini walimwekea hewa ya oksijeni. Daktari, kijana mpole, alieleza kwamba makaa mekundu yanatoa sumu isiyoonekana wala kunukia, na kwamba moshi ukiisha, sumu haijaisha.

"Lakini bibi yangu aliwasha moto ndani ya nyumba maisha yake yote," Caroline akasema kwa sauti iliyokwaruza.

"Nyumba ya bibi yako ilikuwa na madirisha ya kioo?"

Caroline akafikiri. "Ilikuwa na matundu kila mahali. Usiku tulikuwa tunaona nyota."

"Basi ilikuwa inapumua."

Githongo alikuja kumwona kesho yake, amebeba matunda. Caroline alipomwona alitaka kuinuka. "Mzee, pole kwa jana, kesho nitaleta..."

"Lala chini!" Priscilla akamkemea, na Githongo naye akasema jambo hilo hilo kwa wakati huo huo, mpaka wakaangaliana.

Caroline alilala. "Mzee, kila siku sitaweza," akasema. "Nilikubali vibaya. Nitakuletea Jumanne na Ijumaa. Nikipata kibuyu kingine na kikomae vizuri, nitaongeza siku. Kabla ya hapo, hapana."

"Na Jumatano niwape watu nini?"

"Wape chai."

Githongo alikuna kichwa. "Watanitukana."

"Watukane," Priscilla akasema. "Matusi hayajawahi kuzika mtu."

Githongo akacheka licha ya kutotaka. "Haya. Jumanne na Ijumaa. Lakini wa kwanza kuletewa ni mimi, si wale wa geti."

Walipotoka hospitalini, jambo la kwanza Priscilla alilofanya ni kutafuta fundi. Sasa kuna kibanda nyuma ya nyumba ya Caroline, paa la mabati na nguzo tu, bila ukuta hata mmoja, na jiko halivuki hapo. Mvua ikinyesha kwa upepo, kazi inasimama na wateja wanaambiwa ukweli. Wengine wamenung'unika, wachache wameenda kwingine. Wengi wameulizia siku, wakarudi siku hiyo.

Jumapili moja baada ya ibada, Caroline alijitupa kitandani na gauni lake la kanisani, dirisha wazi, pazia likipepea. Priscilla alikuwa mlangoni anachambua mchele. Mwanamume mmoja akaingia getini na kopo lake.

"Mama, takwenya," akamsalimu kwa Kimaasai. "Nimeambiwa hapa ndio kwa Caro wa maziwa."

"Iko," Priscilla akaitikia salamu. "Ndio hapa. Lakini amelala."

"Hata kikombe kimoja? Nimetoka Ngong."

Priscilla aligeuka akatazama ndani. Blanketi lilikuwa linapanda na kushuka, polepole, bila haraka yoyote.

"Ngong ni mbali, kaa nikupatie chai," akasema, na kumsogezea kiti. "Ila ongea chini chini. Huyu haamshwi."