Barabara ya Bwana Kamba

Jikoni kwetu hakuna kona inayofanana na nyenzake. Ukuta wa nyuma umekwenda mshazari, kabati halifunguki mpaka anayepika asimame pembeni, na mimi nina kovu kwenye kiwiko nililolipata kwa kupishana na sufuria ya chai. Aliyeujenga ukuta huo ni baba yangu mzazi, akiwa na akili zake timamu.

Baba alikuwa mpima ardhi wa manispaa. Mtaani walimwita Bwana Kamba, maana kamba yake ya kupimia haikubanduka begani. Hata mkate aliukata kwa uzi: anaunyosha juu ya mkate, anafumba jicho moja, ndipo anashusha kisu, na sisi watoto tunameza mate. Kaka yangu alikuwa akilalamika kwamba chai imepoa.

“Chai hupashwa moto,” Baba anamjibu. “Mkate ukishakatwa vibaya haushoneki.”

Nilikuwa sijaanza shule manispaa ilipoamua kupitisha barabara nyuma ya nyumba zetu, na kazi ya kuonyesha mstari akapewa yeye. Mstari ukaja moja kwa moja, ukala kipande cha jiko letu kwa mshazari. Mwenzake wa kazini akamnong'oneza, na Mama akasikia kupitia dirishani: “Bwana, pindisha kidogo tu. Nani atajua?”

“Kamba itajua,” Baba akasema, na alama nyekundu ya kwanza mtaa mzima akaipaka kwenye ukuta wetu.

Hakungoja tingatinga. Alichukua likizo, akabomoa mwenyewe, akajenga upya ndani ya mstari. Nje akapigilia kigingi cha chuma kuonyesha ukingo wa barabara utakapopita, akakipaka rangi nyeupe. Mama alilia, kisha akanuna. Alipokuwa bado amenuna tukasikia mradi umesimama. Barabara haikuja. Majirani, ambao hawakuwa wamebomoa hata tofali moja, walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu kidogo kidogo wakaanza kusogeza vibaraza vyao mbele.

Mama naye hakumwachia. Kila asubuhi, Baba akiinama kufunga viatu vya kazini, anamuuliza, “Baba watoto, barabara yako imefika wapi?”

“Iko njiani, mama watoto.”

“Haya. Haraka haraka haina baraka.”

Nyumba nzima tunacheka, na Baba wa kwanza.

Jumapili alikaa jikoni kwenye kigoda, amebanwa na ule mshazari, anamenya vitunguu huku machozi yanamtiririka, na kila anayepita anamgonga goti.

“Nipishe, Baba.”

“Nikupishe niende wapi, na mimi ndiye ukuta?”

Humo ndani hakuna aliyeweza kununa kwa muda mrefu. Ungemnunia nani, na wote wako puani kwako? Nimepika kwenye majiko makubwa tangu hapo, yenye nafasi ya kucheza mpira. Hakuna hata moja lililonipa raha ile. Namkumbuka mpaka kifua kinauma.

Rangi ya kigingi ikichuja, Baba alikipaka tena, hata baada ya kustaafu na magoti kugoma kukunjika. Mama alimshikia kopo na kumcheka.

Alipofariki, sikulia mazishini. Nilikuwa na wageni wa kuhudumia. Wiki chache baadaye Kaka, ambaye siku hizi ni mjenzi, akaja na wazo.

“Tumrudishie Mama jiko lake,” akasema. “Ukuta tunausogeza mpaka pale ulipokuwa. Mtaa mzima wameshasogea, tumebaki sisi tu.”

Nikamuunga mkono mia kwa mia; kiwiko changu kilikuwa na hoja. Mama hakusema ndiyo wala hapana. “Amueni wenyewe, mna akili,” akatujibu. Kwa jinsi tunavyomjua, tulipaswa kushtuka hapo hapo.

Asubuhi ya kazi mafundi walishusha tofali na mchanga, Kaka akachukua kamba yake, tukazunguka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa amechuchumaa penye kigingi, kopo la rangi nyeupe miguuni, brashi mkononi. Alikuwa amevaa shati la Baba la kazi, lile la kaki lenye mfuko uliochanika. Hakuinua kichwa.

“Mama,” Kaka akasema taratibu, “barabara hii haiji. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimcheka.”

“Nilimcheka, ndiyo. Alikuwa wangu. Ulitaka nimcheke wa nani?” Akachovya brashi. “Alinivunjia jiko, nikalia. Halafu nikawa namwona anavyopita mtaa huu, kila mlango anasalimia, hana hata mmoja wa kumkwepa. Nikasema basi, ukuta nimempa.”

“Na isipokuja kabisa?”

Mama alimalizia upande wa mwisho, akafumba jicho moja, akautazama mstari kutoka kigingini mpaka ukutani, vilevile Baba alivyokuwa akiutazama mkate.

“Isipokuja, shauri lao,” akasema. “Sisi tulishawapisha.”

Kaka akaanza kuikunja kamba yake. Mimi nikaingia ndani kuwachemshia mafundi chai ya kuwaaga. Nikajigonga kiwiko kwenye kabati, palepale pa siku zote, na mdomo ukasema wenyewe, “Nipishe, Baba.” Ndipo nilipolia.