Utepe Ulionyooka Kupita Kiasi

Muzammil, mwanafunzi wa kidato cha tatu na bingwa wa vitimbi vya bweni, alikuwa na hatia, na hatia yenyewe ilikuwa imelala mezani mbele ya khalati yake, imenyooka kama rula.

Ulikuwa utepe wa metali, mrefu kama kidole cha kati. Khalati Sahla, mdogo wake mama, aliyeyusha nikeli, titani na niobi katika maabara ya chuo kikuu kule Kilifi, akaumimina yeye mwenyewe. Ukiutazama kwa hadubini, alisema, utaona milia myembamba imelaliana kama ya kikoi: mmoja hukumbuka umbo lake, wa pili haukumbuki kitu ila una nguvu, na yote miwili huganda kwa pamoja, kwa joto moja. Kazi yake ilikuwa kuukunja utepe, kuutia katika maji ya moto ujinyooshe, kisha kupima pembe iliyobaki. Alikwisha kufanya hivyo mara mia nane na kumi na mbili. Mara ya mwisho zilibaki nyuzi nne. Tepe kumi na moja za kabla ya huu zilikatika mapema, kwa hiyo huu alikuja nao hadi Shella, nyumbani kwa mama yake, ambako Muzammil alikuwa likizoni, asiuache peke yake.

Mchana, Khalati akiwa amelala, Muzammil aliutoa mkobani kwa heshima zote, akaukunja mpaka ncha zikakutana, akampa jirani yao Mzee Abdalla aukorogee chai. Mzee akakoroga. Kijiko kikajinyoosha kikombeni.

"La ilaha illallah! Kitu hiki ki hai!" Mzee aliruka, kanzu ikanywa chai yote.

Ushindi huo ulidumu dakika mbili. Utepe haukurudi sawasawa. Ulibaki umepinda kuliko mwanzo. Basi Muzammil akafanya ambalo mtu yeyote wa bweni angelifanya. Shuleni kwao kila mtu hukipinda kijiko chake shingo ili akitambue, na mwizi hukigonga kikanyooka, ushahidi ukapotea. Yeye alikwisha kunyoosha vingi, kwa nia ya utafiti tu. Akachukua mchi wa kinu cha kitunguu thomu, akaugonga utepe taratibu mpaka ukalala bapa, akaurudisha.

Na alasiri hii Khalati alitaka tu kumwonyesha namna ya kupima.

"Sufuri," alinong'ona. Akapima tena. "Muzammil, sufuri! Utepe umechoka mara mia nane, kisha umejiponya!"

Kabla hajajibu, Khalati alikwisha kumpigia simu Daktari Jedida, msimamizi wake. Alicheka akizungumza, akapigapiga meza kwa kiganja. Kesho kutakuwa na wageni chuoni. Daktari alitaka auonyeshe mbele yao.

Bweni lilimfundisha Muzammil kutojibu ambalo hajaulizwa. Hakuna aliyemuuliza. Alimtazama Khalati akichagua buibui ya kesho, akamwona amesimama mbele ya watu na sufuri iliyotoka jikoni.

"Khalati, usinipige kwanza."

"Nikupigie nini?"

"Nimeugonga kwa mchi."

Khalati aliiweka chini buibui. "Wapi?"

"Jikoni."

"Nauliza wapi kwenye utepe, wee!"

Akaeleza yote, pamoja na kanzu. Khalati alimimina maji ya moto kwenye bakuli, akautumbukiza utepe. Ukaanza kupinda, polepole, bila kuguswa. Nyuzi kumi na tisa.

"Uliukunja kupita kiasi ambacho ile milia inaweza kukumbuka," alisema. "Mchi umeuficha mpindo tu, na joto limeurudisha."

"Kwa hiyo kesho ungepinda hivi mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni wote."

"Ni wa kutupa?"

"Wa kukata, tutazame umepasuka wapi. Kisha naanza mwingine. Kutoka moja." Hakupandisha sauti, na Muzammil alitamani apandishe.

Khalati akapiga simu. "Daktari, ile sufuri si ya metali. Ni ya mwanangu huyu hapa." Akamsukumia simu. "Mweleze. Na usianze na 'mheshimiwa' zako za bweni."

Muzammil aliipokea simu. "Shikamoo, Daktari. Niliukunja mpaka ncha zikakutana."