Viti Kumi na Kimoja

Jumatatu moja ya Novemba, mwaka wa hamsini na sita, Ferdinand Pokorny, mtumishi wa ukumbi, alipanga viti themanini kwenye jukwaa la ukumbi mkubwa wa muziki wa okestra, hapo Vienna, akateremka kantini kula soseji na haradali. Aliporudi alikuta viti tisini na kimoja.

Vile vya ziada alivitambua papo hapo. Kimoja kilikuwa na alama za meno ya mbwa mguuni. Kingine kilikuwa na mto wa mahameli ya kijani iliyopauka. Alivitoa yeye mwenyewe, Machi ya mwaka wa thelathini na nane, alipoambiwa kwamba wapigaji waliovikalia ni Wayahudi na hawatapiga tena muziki hapo. Sasa akavibeba tena, viwili viwili, hadi ghalani. Vilikuwa na joto, kama vilivyoachwa sasa hivi. Asubuhi ya pili vilikuwa vimesharudi jukwaani, kila kimoja mahali pake pa zamani.

"Ferdl, kiti hiki kinanibana kiwiko," mpiga fidla mmoja alimlalamikia Pokorny, kwa jina lake la utani.

"Sogea basi."

"Nisogee niende wapi? Nikae mapajani kwa mpiga ngoma?"

Wakacheka, wakasogea, mazoezi yakaendelea. Tatizo ni kwamba viti havikutulia. Muziki uliponyamaza kidogo vililia kwa chini, kama mtu anayebadilisha mguu. Kufikia Alhamisi okestra nzima ilikuwa ikijipindapinda, na jioni hiyo, kwenye onyesho, watazamaji wa vyumba vya juu, chini ya dari la dhahabu, walikunja miguu na kuikunjua mpaka mwisho. Gazeti liliandika kwamba onyesho lilikuwa na uhai.

Ijumaa akaja Hugo Taussig, baada ya siku mbili za meli na treni kutoka Manchester. Zamani alikuwa mpiga selo, ile fidla kubwa ya kushikwa katikati ya magoti, wa safu ya mbele. Mto wa kijani aliushona mkewe, Olga, ambaye hakurudi kutoka kambi alikopelekwa.

"Umezeeka, Ferdl," alisema mlangoni.

"Na wewe pia, Profesa," alijibu Pokorny, kwa jina la heshima la wapigaji wa okestra. "Kiti chako kipo."

"Najua," alisema Taussig, akakung'uta mvua kwenye kofia.

Wakapanda pamoja kwa katibu wa okestra, Daktari Wessely, kuomba nafasi ya zamani ya Taussig. Katibu alimshika Taussig mkono kwa mikono yote miwili.

"Tumefurahi mno kukuona, Bwana Taussig. Ila kiti, kwa masikitiko makubwa, hakuna. Hata kimoja."

Chini yao, kupitia sakafu, kitu kiliburura miguu yake kwenye mbao.

"Na hivyo ninavyovisikia?"

"Hivyo havimo kwenye orodha."

Taussig akamgeukia Pokorny. "Mwambie, Ferdl. Si wewe uliyevibeba?"

Pokorny alikuwa ameshika kofia yake. Aliifikiria nyumba ya kazini anamoishi na Resi, mkewe, na miaka mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Mimi hupanga viti tu, Bwana Profesa," alisema.

Taussig alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomkera Pokorny siku nzima. Daktari Wessely akafungua droo, akamzawadia mgeni tiketi ya onyesho la Jumapili. Ilikuwa ya kusimama, huko nyuma kabisa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Taussig alisimama kwenye reli ya nyuma, koti mkononi, na Pokorny akamchungulia kutoka mlango wa pembeni. Katikati ya sehemu ya polepole ya muziki, viti kumi na kimoja viligeuka. Viligeuka bila haraka, miguu ikikwaruza jukwaa, mpaka vyote vikaacha kumwelekea mwongozaji, vikamtazama Taussig kule nyuma ya ukumbi. Wanamuziki waliinua pinde zao, wakasubiri vimalize, wakaendelea.

"Mwaka jana havikukaa hivyo," mama mmoja wa safu ya tatu alimnong'oneza mumewe.

"Mtindo mpya. Nyamaza."

Vidole vya mkono wa kushoto vya Taussig vilikuwa vikibonyeza reli, kimoja kimoja, pasipo nyuzi. Alipiga sehemu yake yote hivyo, hadi mwisho. Watu walipoanza kupiga makofi alivaa koti akaenda kuwahi treni.

Kesho yake Daktari Wessely alimwita Pokorny.

"Vinakwaruza jukwaa. Vigeuze, uvipigilie misumari."

"Vyote, Bwana Daktari?"

"Vyote."

Pokorny alipigilia kumi kabla ya saa sita. Alipofikia cha mto wa kijani magoti yalimuuma, akakaa juu yake. Miaka thelathini na moja ya kazi hakuwahi kukaa kwenye jukwaa lile. Kiti kilikuwa na joto, nacho kilijisukuma chini yake, mara moja, mara mbili, kama mtu aliyekaliwa bila kuombwa.

Akasimama. Akakiomba radhi kwa sauti ya chini, kisha akachagua msumari mrefu.