Kamusi Chini ya Mito

Ukiona nadanganya, muulize mke wangu. Ila yeye huongeza chumvi kunishinda.

Nilipostaafu ufundi bomba nilibaki na kamusi ya Kiingereza, nene kama tofali, niliyoiokoa kwenye bafu lililofurika. Ilipokauka ikakatika katikati. Nusu ya kwanza nikailaza chini ya mto wangu, ya pili mke wangu akailalia upande wake. Sababu ni mjukuu. Kazaliwa ughaibuni kwa binti yetu, Kiswahili hana hata cha kuombea maji. Kila Jumapili tulisalimiana kwenye simu, tukacheka, basi, Kiingereza chetu kikaishia hapo.

Nikilala nasikia maneno yanadondoka sikioni, tone, tone, kama koki iliyolegea. Si yale mepesi ya salamu. Maneno makubwa, yenye mikia na ndevu. Mengine yalielea chumbani kama samaki weupe, yakachungulia kabatini, yakarudi. Kufika mwezi wa tatu, nikitikisa kichwa yanagongana. Kumbe na mwenzangu kajaa, ila kwa nusu yake tu!

Tatizo, tuligombana. Nilisema nusu yangu ndiyo ya wasomi.

"Na yangu ya nani, ya wapiga soga?"

Siku nne hakunisemesha, kwa lugha yoyote.

Jumapili simu ikalia. Mjukuu akauliza mama yake alikuwaje alipokuwa mdogo. Nikaanza kwa mbwembwe. Sentensi ikapanda, ikapanda, ikakwama hewani mguu mmoja juu. Neno lililofuata halikuwa upande wangu. Nikakohoa. Mtoto akashusha pumzi, akaanza kuaga.

"Mama watoto, nitilie neno!"

"Waombe wasomi wenzako."

"Nimekosa mimi. Njoo basi, anakata!"

Akaja anafuta mikono, akabandika shavu kwenye simu, akaipa sentensi mguu wa pili. Ikatembea. Mimi neno, yeye neno, tukasimulia binti yetu alivyojificha ndani ya pipa akikwepa kuchanwa nywele, akanasa, nikamchomoa kwa sabuni na spana. Mtoto akacheka mpaka kwikwi, akataka jingine, na jingine. Jua likahama dirishani.

Ghafla, kule kwao, simu ikanyakuliwa.

"Baba! Mama! Ndiyo nini kunianika hivi kwa mwanangu?"

"Mrudishie simu," mke wangu akasema, akinisukuma nimpishe nusu ya kiti. "Ndiyo kwanza tumefika darasa la pili."