Sauti Yake Mwenyewe

Tarime, ukimtaka mtu wa kutafsiri filamu, unaambiwa nenda Bomani kwenye banda la video la Nikolaus, umuulize Kisyeri. Kijana ana maneno huyo! Akishika maiki, Mzungu anaongea Kiswahili cha hapahapa, bibi kizee anapewa kisauti chake, jambazi anapewa chake, na watu wanacheka hadi wanashika mbavu. Mama yake, Gati, hana Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini kila Jumapili akitoka kanisani anakuja kukaa benchi la mbele amsikilize mwanawe. Sokoni hana hadithi nyingine.

Jumapili moja filamu ilihusu mtoto wa kiume aliyempenda mvulana mwenzake, akakua na siri hiyo kifuani. Nikolaus alikuwa ameshaitazama, akamwonya Kisyeri mapema: yule rafiki anayependwa, mwenye nywele ndefu, mgeuze dada, la sivyo maiki utaiacha hapo mezani. Kisyeri akakubali. Angekataaje, na banda ndilo linalomlisha yeye na mama yake?

Mwanzoni Kiswahili kilimbeba. Ukisema "anampenda", nani atajua anayependwa ni wa kike au wa kiume? Watu walimwonea huruma yule mtoto alivyochekwa shuleni, alivyojifunza kutembea kibabe, alivyojikaza mbele ya baba yake. Kisyeri alitafsiri bila kutafuta maneno. Yote yale aliyajua. Hata huo mwendo wa kibabe alijifunza hivyohivyo, kule Turwa, nyuma ya ng'ombe wa baba yake.

Kisha yule mtoto, sasa mtu mzima, akasimama jikoni mbele ya mama yake ili amwambie. Hapo ndipo pa kusema dada. Kisyeri akafungua mdomo, na uongo ukamkinaisha. Amsaliti vipi mtoto aliyevumilia yote yale? Hakumpa sauti ya kuigiza. Alimpa yake.

"Mama," alisema kwenye maiki, "ninayempenda ni mwanaume. Niko hivi tangu utotoni. Nimejionea aibu miaka yote, na leo sioni aibu tena."

Wachimbaji wa dhahabu waliotoka Nyakunguru wakatazamana. Wawili wakainuka, wakatoka wakiguna. Nikolaus akaanza kuja mbio toka mlangoni. Na kwenye skrini mama wa yule kijana hasemi neno, anamtazama tu mwanawe, anamtazama. Kwenye banda la video kimya hakivumiliki.

"Mura, we kijana, huyo mama anasemaje?" mtu akauliza toka nyuma.

Kisyeri alibaki ameikodolea skrini. Alishindwa hata kulitazama benchi la mbele. Ila kichwa hakukiinamisha. Potelea mbali, alijiambia, nimesema.

Gati akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akawageukia watu wote. Sauti ile aliielewa, ameilea mwenyewe. Nikolaus akasita palepale alipofika.

"Anasema huyu ni mwanangu, nimemzaa mimi," alisema Gati. "Anasema mwenye neno naye aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Akarudi kukaa, akamtazama mwanawe usoni.

"Endelea, baba," akamwambia. "Nataka kusikia mwisho."