Breki za Mama Sidonie

Siku Mbonigaba alipofungiwa breki mpya kwenye pikipiki yake ya kubebea abiria, nusu ya kijiji cha Mushaki ilikuja kutazama. Mkewe, Libérata, ndiye pekee aliyebaki ndani akichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa. Alisikia wanaume wakiisifu ile diski ya chuma kwenye gurudumu la mbele, eti unagusa kwa vidole viwili tu na pikipiki inasimama palepale. Roho ikamuuma kwelikweli.

Msidhani aliionea wivu pikipiki. Alimwonea wivu Sidonie, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye duka la vitambaa vya vikwembe karibu na kanisa, ambaye Mbonigaba alikuwa akimpeleka Sake kila Ijumaa. Miaka sita Libérata alipanda pikipiki hiyo na breki zake za zamani, zile zilizolia kabla ya kushika, na zikinyeshewa hazikushika kabisa mpaka mume akokote mabuti chini. Sidonie kapanda mara tatu tu, na breki zimekuwa mpya! Tena diski yenyewe ilitoka Goma ndani ya gari la mizigo la Sidonie, imefungwa kwenye kikwembe cha Sidonie. Mwanamke gani mwenye akili timamu angetulia?

Yeye hakutulia. Alinusa mashati. Ijumaa alisimama mlangoni mpaka pikipiki ilipopotea na mama yule juu yake, kajikalia vizuri kama yuko sebuleni kwake. Jumapili, kanisani, alikikodolea macho kisogo cha Sidonie tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, na hata neno moja la mahubiri halikumwingia. Jumatatu akaenda kwa Hakorimana, fundi aliyezifunga breki hizo, akijifanya anatafuta mpira wa kufungia mzigo.

"Papa Hakorimana, ile frein mupya ya pikipiki, bwana yangu aliweka sababu ya nani?"

Fundi alicheka. "Ni sababu ya Mama Sidonie! Safari ya tatu, walifika pa mutelemuko, akaruka chini. Akamuambia mbele ya bamotard bote, benye pikipiki: frein yako iko ya kuua bantu, sipande tena mpaka uibadirishe. Haya ikamushika bwana yako. Siku ile ile alikuwa hapa kuagiza ya mupya."

Basi hapakuwa na mapenzi. Libérata alipaswa kumshukuru Mungu, lakini roho ikazidi kumuuma. Sidonie angekuwa hawara, Libérata angejua la kufanya: angemfuata dukani, angemvua kitambaa cha kichwa mbele ya wateja. Sasa utamfanya nini mtu ambaye kosa lake ni kufungua mdomo tu?

Maana yeye Libérata hakuwahi kuufungua. Kila walipofika juu ya mteremko wa Sake, alisema miguu imekufa ganzi, akashuka, akatembea mpaka chini na jibini lake la kuuza kichwani, jua au mvua, hata alipokuwa na mimba ya mtoto wao Archange. Mbonigaba alimngoja chini huko akipiga soga na wenzake. Dereva ambaye mkewe mwenyewe anaziogopa breki zake, nani mwingine angepanda naye? Alimlindia mumewe kazi kwa nyayo zake mwenyewe, na hakuna aliyejua.

Jumatano wakaenda soko la Sake. Juu ya mteremko Mbonigaba akasimamisha pikipiki, kwa vidole viwili, akageuka akitabasamu.

"Shuka basi, Mama Archange. Najua unapendaka kutembea hapa."

Libérata hakushuka. "Ijumaa, Sidonie ulimusimamishia hapa?"

"Hapana. Ule hapendake kutembea."

"Na miye njo napendaka?"

"Si weye mwenyewe unasemaka miguu..."

"Naogopaka! Miaka sita naogopaka frein yako, Papa Archange. Njo maana nashukaka."

Mbonigaba akazima injini. Alimtazama mkewe bila hasira yoyote.

"Ungeniambia," alisema, "ningeibadirisha zamani."

Angeibadilisha kweli. Libérata alijua, na kujua huko ndiko kulikomchoma kuliko yote. Alitazama mteremko ule ambao kila jiwe lake alilifahamu, na wivu ukampanda upya, safari hii si kwa ajili ya mume wala breki. Aliuonea wivu mdomo wa Sidonie. Sidonie aliruka chini, akasema alichotaka mbele za watu, na dunia haikuanguka. Nusura alie palepale barabarani, wapita njia wakimwona. Badala yake akalikamata koti la mumewe kwa mikono miwili.

"Washa, twende. Lakini enda polepole, niko na mengi ya kukuambia. Nyumba inavuja upande wangu wa kitanda."

"Inavuja? Tangu lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana. Na dada yako, akikujaka kwetu, hasalimiake mama yangu."

Pikipiki ikaanza kuteremka, taratibu, na Libérata akasogeza mdomo karibu na sikio la mumewe ili upepo usimwibie hata neno. Walipoingia sokoni Sake, alikuwa bado yuko kwenye mambo ya mwaka wa kwanza wa ndoa yao.